Kaa Moja la Bupe

Hapo zamani, mwezi wa kupanda ulezi, nchi ya Ilindi ilijitoa katika Muungano wa Vilima.

Muungano ule ulikuwa wa nchi tatu. Mtu wa Ilindi aliweza kulima Masebe, mtu wa Masebe aliweza kujenga Ilindi, na mtu wa Kituba aliweza kufanya yote mawili asiulizwe ametoka wapi. Watu walioana, wakazikana. Kisha wakuu wakagombana juu ya jambo ambalo hadi leo kila upande unalisimulia kivyake, na Ilindi ikatoka.

Haukupita muda mpiga mbiu akazunguka vijijini. Akasema, "Mgeni ambaye moto wake haujazimika tangu kuanza kwa masika ya mwaka jana, akae. Mgeni ambaye moto wake ulizimika, arudi kwao. Mwenye sikio amesikia."

Hakuna aliyeuliza kwa nini moto. Ilindi ni nchi ya baridi. Usiku makaa hufunikwa kwa majivu ili asubuhi yaamke. Nyumba isiyotoa moshi huhesabiwa kuwa imehamwa, na shamba lake hupewa mwingine. Moshi ndio ushahidi kwamba mtu yupo.

Katika kijiji cha Itunde walikuwapo watu wawili wa Masebe. Mmoja ni Sekela, mfinyanzi, mjane wa mtu wa kijiji, na mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Wa pili ni Fundi Asajile, mhunzi. Yeye hakuwa na mke pale wala kaburi, ila kila jembe la Itunde lilipita mikononi mwake. Katikati yao aliishi Bupe, mwenyeji, wa ukoo wa marehemu. Alimwita Sekela wifi. Alilima kwa jembe la Asajile, akapika katika chungu cha Sekela.

Sekela aliposikia mbiu, aliingia jikoni akatazama mafiga yake. Moto ulikuwa unawaka. Akakaa chini.

Masika ya mwaka jana mama yake aliugua kule Masebe. Sekela akaenda kumuuguza, akakaa huko miezi miwili, hadi akamzika. Kabla ya kuondoka alimwambia Bupe, "Wifi, nitunzie moto." Wakati ule halikuwa jambo. Mtu akisafiri, jirani humtunzia moto na kuku.

Alipokuwa huko, mvua ya mawe ilitoboa paa la Asajile, na moto wake ukazimika. Asubuhi akaona moshi kwa Sekela, akachukua kigae, akaenda kuomba makaa. Jikoni akamkuta Bupe.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kisimani."

"Kisima gani? Cha Masebe?"

Wakacheka. Bupe akampa makaa. Sekela aliporudi, Bupe alimsimulia, wakacheka tena.

Sasa hakuna aliyecheka. Asajile alijua ya Sekela. Sekela alijua ya Asajile. Bupe alijua ya wote wawili.

Wiki ile Sekela alikwenda kuteka maji, akawakuta wanawake wanazungumza. Walipomwona, wakanyamaza. Kisha mmoja, Nsubile, mke wa mchunga mbuzi, akasema huku akijitwika mtungi, "Moshi wa wengine unakaa nyumbani. Mwenyewe yuko ng'ambo." Wenzake wakatazama maji.

Sekela alijaza mtungi wake, akaenda moja kwa moja kwa Bupe.

"Wifi, umesema na mtu?"

"Mimi? Kinywa changu ni cha kulia ugali tu."

"Kisimani wanajua."

"Kamwulize Fundi. Mimi ni mwenyeji, wifi. Nikisema napata nini?"

Sekela aliondoka na neno moja. Mwenyeji. Miaka yote aliyokaa Itunde, Bupe hakuwahi kulitamka mbele yake.

Akaenda kwa mhunzi.

"Hujambo, Fundi."

"Sijambo, dada. Umekuja kuomba moto?"

"Mwaka jana uliyeomba ni wewe."

Asajile akaacha kuvukuta. "Sema polepole. Watu wanapita."

"Umezungumza na nani?"

"Na wewe, sasa hivi."

"Fundi, mimi nikitoka hapa, nawe utatoka."

"Hilo nalijua. Nisilolijua ni kama umekuja kunikumbusha au kunitisha." Akarudi kwenye chuma chake, na Sekela akaondoka.

Tangu siku hiyo Sekela alifinyanga akiwa ameelekea njiani. Asajile akihamisha banda lake la kuni, Sekela alijiuliza kwa nini. Bupe akipita bila kubisha hodi, alijiuliza. Bupe akibisha hodi, alijiuliza pia. Asajile alijua ya Sekela. Sekela alijua ya Asajile. Bupe alijua ya wote wawili. Na katika watu hao ni mmoja tu ambaye hakuwa na cha kupoteza.

Jioni moja akamwona Asajile anapita na kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kilikuwa na umbo la jembe. Fundi akaingia kwa Mzee Mwalindu, aliyeteuliwa kukagua mioto ya wageni. Alikaa humo hadi chakula kikaletwa. Alitoka mikono mitupu, akapita mlangoni kwa Sekela bila salamu.

Sekela akasema moyoni, Aendaye na jembe haendi kusalimia.

Asubuhi akaenda yeye. Nyuma ya mlango wa Mwalindu palikuwa na jembe jipya. Mzee alikuwa anamenya viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Moto wa Asajile ulizimika masika ya mwaka jana."

"Nani kakwambia?"

"Bupe."

"Naye Bupe alionea wapi?"

Sekela akatazama lile jembe. Akitaja mahali, atakuwa amesema: jikoni kwangu, nami sipo. Mwalindu akamenya kiazi kingine.

"Njoo barazani siku ya soko," akasema. "Uje na Bupe."

Siku ya soko watu walijaa barazani kuliko sokoni. Mwalindu aliketi na wazee wenzake wawili. Akamwita mhunzi kwanza.

"Asajile, moto wako ulizimika?"

"Ulizimika. Nilikwambia mwenyewe nilipokuja kwako."

"Na makaa ulichukua wapi?"

"Kwa Bupe."

Sekela akainua uso. Jina lake halikutajwa.

"Nyumbani kwa Bupe?" akauliza Mwalindu.

"Mkononi mwa Bupe."

Watu wakacheka. Mwalindu hakucheka. "Bupe, ulimpa makaa ukiwa wapi?"

Bupe akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Jikoni kwa wifi."

"Na wifi yako alikuwa wapi?"

"Masebe."

Hapo minong'ono ikaanza, na Sekela akasimama kabla hajaitwa.

"Nilikwenda kumuuguza mama, nikamzika. Mbiu haikusema mtu asisafiri. Ilisema moto usizimike, na wangu haukuzimika. Mume wangu yuko ardhini hapa. Mkinitoa, nani atamfagilia kaburi? Mimi ndiye wa kubaki."

Asajile naye akasimama. "Mimi sijalala nje ya Ilindi hata usiku mmoja. Mvua ilizima moto, haikunizima mimi. Asubuhi ileile nikawasha. Nilikuja kwa mzee nikasema kabla sijaulizwa, na huyu dada nikamsitiri. Yeye hakunisitiri. Mimi ndiye wa kubaki."

"Na jembe?" sauti ikatoka nyuma.

"Jembe ni langu," akasema Mwalindu. Hakusema tangu lini.

Sekela akamgeukia mhunzi. "Ulinisitiri mimi, au ulijisitiri? Ulijua kaa la mwenyeji linaweza kumtetea mgeni, na kaa lililotoka jiko la mgeni halitakufaa. Ulitaka lionekane la mwenyeji."

"Yote mawili," akasema Asajile. "Ni vibaya?"

Hapo Bupe akanyoosha mkono.

"Kuna neno," akasema. "Wifi alipoondoka, wiki ya kwanza, siku moja nilichelewa. Nikakuta majivu yamepoa. Nikaleta kaa kutoka kwangu, nikawasha upya. Sikumwambia. Angeniona mzembe."

Sekela akaketi.

"Nani mwingine alijua?" akauliza Mwalindu.

"Hilo, hakuna. Lakini maneno ya kisimani nayo yalitoka kwangu. Kwenye pombe ya mavuno nilijisifu kwamba miezi miwili nimeendesha majiko mawili peke yangu. Mbiu ilikuwa bado haijapigwa. Yalikuwa maneno ya pombe."

"Ungelinyamazia hilo la majivu," Nsubile akamwambia, "wifi yako angebaki."

"Na Fundi angeondoka kwa kosa ambalo hata mimi nimelifanya?"

Wazee wakainamiana. Hawakukawia. Mwalindu akasema, "Moto wa Sekela ulizimika. Moto wa Asajile ulizimika. Unaowaka kwao wote wawili ni moto wa Bupe. Kwa mbiu ile, wote waondoke. Lakini mwenyeji anaruhusiwa kumweka mgeni mmoja, akimpa moto kwa mkono wake mbele ya watu. Mmoja, si wawili."

"Mnanipa mimi?" akauliza Bupe.

"Moto ni wako."

"Na kama sitaki kuchagua?"

"Basi umechagua wote wawili waondoke."

Siku hiyohiyo Mwalindu alikwenda na ndoo ya maji. Akamwaga jikoni kwa Asajile, akamwaga jikoni kwa Sekela. Akasema Bupe atoke na kaa jua likichomoza, na atakayekosa avuke mto kabla ya mchana.

Jioni ile Bupe alibisha hodi kwa Sekela. Sekela alikuwa anafunga vyungu kwa majani makavu, asijue anavifunga vya safari au vya soko.

"Wifi, niambie nifanye nini."

"Nikikwambia, utakuwa umechagua wewe, au nitakuwa nimechagua mimi?"

"Una hasira nami."

"Ulipokuta majivu, ungeniambia. Tungelijua wawili."

"Na wewe ulipokwenda kwa Mwalindu," akasema Bupe, "hukupitia kwangu. Mlango wangu uko njiani."

Sekela akaendelea kufunga. Bupe akaondoka. Sekela alisikiliza hatua zake zinaelekea wapi. Zilielekea kwa Asajile, zikakaa huko, zikarudi. Hakujua kilichosemwa, na hakuuliza.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Nyumba zote za Itunde zilitoa moshi isipokuwa mbili. Sekela alisimama mlangoni kwake, amejifunga shuka mbili. Kwenye mlango wa pili alisimama Asajile, mikono kwapani. Hawakusalimiana. Kando ya njia watu walikuwa wamekusanyika, na Mwalindu akiwa mbele.

Jua lilipochomoza Bupe akatoka. Alibeba kaa moja juu ya kigae. Kigae kilikuwa cha chungu alichofinyanga Sekela. Koleo aliyokuwa nayo mkono wa pili ilikuwa imefuliwa na Asajile. Akatembea hadi mahali njia inapogawanyika, huku kwa mfinyanzi, huku kwa mhunzi. Hapo akasimama, akainamia kigae, akalipuliza kaa lisife.

Hadi hapo wote waliokuwepo wanakubaliana. Yaliyofuata kila mmoja anayasimulia kivyake, nami sitayabeba.

Basi semeni ninyi. Mmoja alikwenda kumzika mama yake, akaacha kaburi la mume na moto mikononi mwa jirani. Naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja mwenzake. Mmoja hakuondoka hata usiku mmoja, akamsitiri mwenzake. Naye ndiye aliyepita na jembe kwenda kwa mkaguzi. Na mwenye kuchagua ndiye aliyeacha moto ukazimika, akanyamaza siku ya kusema, akasema siku ambayo kunyamaza kungemwokoa wifi yake.

Kaa ni moja, nalo linapoa. Je, lilistahili jiko la nani?