Gimbi Linalomjua Mvivu

Hapo zamani za kale, kabla Nyati hajajua jembe linashikwa upande gani, wanyama wa milimani walikuwa na shamba moja la ujima. Walikubaliana kwamba kila mmoja atalima humo na kila mmoja atakula humo. Lakini nyinyi wanangu mnajua makubaliano yalivyo: mdomoni ni matamu, shida yake huanzia mgongoni.

Waliolima kweli walikuwa wadogo. Kobe alilima polepole bila kusimama, Kanga alipalilia huku akinung'unika, na Digidigi alibeba mbegu. Nyati na Kiboko, ambao ndio waliokuwa wakubwa, walijipa kazi ya usimamizi. Msimamizi, kama hamumjui, ni yule anayeota jua wakati wenzake wanatoka jasho, halafu mchana anawaambia watu, "Leo tumechoka sana."

Mpishi alikuwa Pimbi. Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kama mto wa kulalia, asiye na mkia hata wa kufukuzia nzi. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na kila siku alipika chungu kimoja kikubwa cha kijiji kizima.

Mwaka huo mvua ya mawe iliyapiga mahindi yote yakalala chini. Kipupwe kikaingia na ukungu wake, na baridi ya kugonganisha meno, ka-ka-ka-ka. Shambani yakabaki magimbi ya bondeni na maharage kidogo. Hata hivyo si haba. Gimbi la moto lililoiva mpaka likapasuka lenyewe, ukalichovya kwenye maharage yaliyoungwa kwa karanga, hilo si chakula cha kulilia mahindi.

Tatizo lilikuwa desturi. Pimbi akigonga mfuniko kwa upawa, ko ko ko, wakubwa hula kwanza. Wakishashiba, ndipo wadogo husogea. Lakini tumbo la Kiboko, wanangu, halijawahi kushiba tangu aumbwe. Wadogo walikuta maji ya magimbi na maharage matatu yakitafutana chunguni.

Siku moja Digidigi alianguka shambani, tifu, yeye na mbegu zake. Hakuwa mgonjwa, alikuwa na njaa. Mchana huohuo Pimbi alikuwa akilamba chungu na wanawe, na yule mdogo kabisa akamwuliza kama kuna siku wakubwa wataumwa tumbo wasije kula. Pimbi alimkanya asiwaombee wenzake mabaya, lakini swali lile lilimchoma moyo. Kipupwe kilikuwa kimebakiza miezi miwili, na wanawe wasingefika mwisho wake kwa kulamba chungu.

Akafikiri afanye nini. Kupigana na Nyati hakuwezi. Kumsihi alishajaribu, na Nyati alimjibu kwamba desturi ni desturi. Hilo ni jibu la kila mtu ambaye desturi inamlisha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wakubwa hawakulijua, kwa kuwa hawakuwahi kuingia jikoni hata kuomba kaa la moto. Gimbi halipendi haraka. Lisipoiva sawasawa, huwasha ulimi na koo kama upupu. Wao miaka yote waliletewa yaliyoiva, wakadhani gimbi huzaliwa laini.

Asubuhi iliyofuata Pimbi aliinjika chungu kama kawaida. Jua lilikuwa ndio kwanza linachungulia, na maji ndio kwanza yanaanza kutokota, alipochukua upawa na kugonga mfuniko. Ko ko ko.

Nyati na Kiboko walikuja mbio. Nyati alimsifu, akasema hatimaye mpishi amejifunza kuamka mapema. Pimbi aliwapakulia kila mmoja rundo lake, akafunika chungu, akaongeza kuni.

Kiboko alitia matano mdomoni kwa mpigo mmoja. Akatafuna mara mbili, akatulia, macho yakamtoka.

"Ulimi wangu una siafu," alisema.

Nyati alitaka kumcheka, ila na wake ukaanza. Alijikuna koo kwenye nguzo ya jiko, kwaru kwaru, mpaka paa likayumba. Kiboko alishika njia ya mtoni mdomo wazi, ukungu ukiingia na kutoka, na alipofika alikunywa maji mpaka vyura wakahama.

Walirudi mchana, midomo imevimba, hasira zimewajaa. Wakawakuta wadogo wametoka shambani, wamekizunguka chungu kilekile, wanakula kwa raha zao.

"Umetutilia sumu," Nyati alimwambia Pimbi.

Pimbi alijibu kwa upole kwamba chungu ni kimoja, maji ni yaleyale, na aliwapakulia mbele ya macho yao. Nyati hakuridhika. Alitoa gimbi chunguni kwa mkono wake mwenyewe, akamwamuru Kobe alile. Kobe alilitafuna taratibu, kama anavyofanya kila kitu, na wote wakamkodolea macho mpaka wakachoka. Akameza, akapangusa mdomo, akaomba jingine. Nyati mwenyewe hakuthubutu kuonja.

Hapo ndipo Pimbi alipotoa uongo wake, na aliutoa kwa huzuni. Uongo mzuri, wanangu, hautolewi kwa kicheko.

"Mzee wangu, sikutaka kukwambia mbele za watu," alisema. "Marehemu mama alinieleza kwamba gimbi la ujima linaujua mkono uliolilima. Asiyelima, linamwasha."

"Mbona miaka yote halikutuwasha?" Kiboko aliuliza. Msimshangae. Hata mjinga huuliza swali la maana mara moja kwa mwaka.

"Lilikuwa linawavumilia," Pimbi alisema.

Nyati alisema hayo ni maneno ya jikoni. Kesho yake mfuniko ukagongwa alfajiri tena, naye akaja kuthibitisha kwamba mzee mzima hatishwi na gimbi. Alirudi kwenye ile nguzo, kwaru kwaru, na safari hii ikang'oka. Kiboko alikuwa amekaa mbali, anamtazama, mdomo ameufumba kwa mikono yote miwili.

Siku ya tatu Nyati aliazima jembe la Kobe, akapita nyuma ya vichaka na kuingia shambani upande wenye ukungu mzito, ili asionekane. Hakuna aliyemwona, isipokuwa kila mtu. Kwanza alilishika jembe kwenye chuma. Kanga alimwelekeza taratibu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakunung'unika, kwa kuwa alikuwa anajizuia kucheka. Asubuhi ile mfuniko ulipogongwa Nyati aliusikia, lakini hakwenda. Alilima mpaka jua likafika utosini na viganja vikatoka malengelenge.

Walirudi wote pamoja. Muda wote huo chungu kilikuwa motoni, na magimbi yalikuwa yamepasuka. Nyati alichukua moja dogo, akafumba macho, akauma nusu.

Wote wakasubiri.

"Haliwashi," alisema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Akala la pili, akalichovya kwenye maharage. Akala la tatu. Mvuke ulimpanda usoni, pua ikaanza kumtoka kamasi, naye hakujali. Hakuwahi kula akiwa na njaa ya kazi, na alishangaa kwamba chakula cha kila siku kinaweza kuwa kitamu namna ile. Alipofikia la sita alishiba. Chunguni yalikuwa yamebaki mengi, na watoto wa Pimbi wakala mpaka matumbo yakatangulia mbele. Yule mdogo alilala palepale na gimbi mkononi.

Siku iliyofuata Kiboko naye akaomba jembe. Wakubwa walipokuja kula wakati mmoja na wenzao, mambo ya kula kwanza yakafa yenyewe, hakuna hata aliyeyazika. Nyati akipita na jembe lake mara moja, ni kama wadogo wamepita mara kumi. Walipanda njegere na viazi, wakafungua mfereji, na Digidigi hakuanguka tena. Wadogo walijua siri yote ya jiko, lakini nani aliyeshiba atawaharibia watu chungu?

Basi Kiboko akawa muumini kuliko wote. Kabla ya kula aliwakagua watu viganja. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha wenzake kwamba gimbi linaona. Akawa msumbufu, kama alivyo kila mtu aliyeacha uvivu juzi.

Asubuhi moja ya baridi kali, watu wakielekea shambani na majembe begani, Kiboko alisimama mlangoni kwa jiko. Pimbi alikuwa amekaa kando ya moto na wanawe, miguu ameielekezea kwenye makaa.

"Mama Pimbi, wewe gimbi halikuwashi?" aliuliza.

Pimbi alisema yeye ni mpishi.

"Najua, mama. Lakini marehemu alisema mkono uliolilima. Hakusema mkono uliolipika."

Watu wakasimama. Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, na gamba likawa linatikisika. Pimbi aliuliza, kama yeye naye atakwenda kulima, chungu kitaangaliwa na nani.

"Kwani kinatoroka?" Kiboko alisema.

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa na wasiwasi naye kweli. Alitoa gimbi moja kwenye chungu kilichoinjikwa muda mfupi tu uliopita, akaliweka juu ya jani mbele yake, akamwomba ale hilo moja tu. Lisipomwasha, alisema, yeye na Nyati watamwomba radhi mbele ya kijiji kizima.

Gimbi lilikuwa gumu, jeupe, na mvuke wake ulikuwa mdogo. Kulila ni kwenda kujikuna kwenye nguzo watu wanatazama. Kusema halijaiva ni kuwafungulia wakubwa siri ya jiko, na kesho yake warudi kula kwanza, wanawe warudi kulamba chungu. Pimbi aliwatazama watoto wake wanne, mashavu yamewajaa. Akaitazama na ile baridi ya nje.

Akainuka.

"Jembe la mpini mfupi nani analo?" aliuliza.

Nyati ndiye aliyemletea, akamwonyesha kwa fahari upande wa kushika.

Ukitunga uongo wa kuwalimisha wenzako, chonga na mpini wako kabisa.