Faki Kangaja na Kodi ya Farasi wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kizimbwe, alikuwako Sultani jina lake Harithi, mkarimu wa chakula na bahili wa kila kitu kingine, naye alipenda mashindano ya farasi kuliko alivyopenda usingizi. Kila mwaka, siku ya nne baada ya Idi, farasi walishindanishwa kutoka Lango la Ngome hata nguzo nyeupe iliyosimama mbele ya kasri. Na sheria ilikuwa hii: kila mtaa utoe mpanda farasi mmoja, na mtaa usiotoa utafungiwa riziki yake mwaka mzima. Wahunzi wangefungiwa makaa, wasusi wangefungiwa ukindu, na wafinyanzi wangefungiwa shimo la udongo.

Lakini farasi wote wa Kizimbwe walikuwa wa Sultani. Basi aliyetaka kushindana hakuwa na budi kumkodi farasi kwa siku tatu, na kodi ya siku tatu hizo ilitosha kumlaza mtu na njaa miezi mitatu. Ilikuwa reale sitini za farasi, kumi za tandiko, tano za hatamu, nne za majani, na mbili za mkia. Mtu akiuliza mkia unalipiwa nini, mkuu wa zizi humjibu, "Nani atakayemfukuzia nzi? Wewe?" Na baada ya gharama zote hizo, mshindi alikuwa Sultani mwenyewe, kwani hapakuwa na mtu mwenye kichwa shingoni aliyethubutu kumpita mwenye upanga.

Ikawa mwaka mmoja zamu ya mtaa wa wafinyanzi ikamwangukia Faki Kangaja. Faki alikuwa mchukuzi wa udongo, hana mbele wala nyuma, na watu walimdhania mpumbavu kwa sababu neno aliloambiwa alilishika kama lilivyonenwa. Siku moja mkewe, Mize, alimwambia akautazame wali jikoni. Akautazama hata ukaungua. Alipogombezwa akasema, "Mke wangu, hukuniambia niuepue."

Mtaa mzima ukachanga, zikapatikana reale tatu na kuku mmoja. Bi Mgeni, mfinyanzi mkongwe kuliko wote, akavikabidhi kwa Faki, akamwambia, "Nenda, mwanangu, ukajaribu. Shimo likifungwa tutafinyanga nini, mate?"

Faki akaenda hata barazani, kuku kwapani, akainama mbele ya Sultani.

"Maulana, nimekuja kukodi farasi."

Mkuu wa zizi akazitazama zile reale, akamtazama na kuku, akasema, "Kwa hizi, bwana, utapata kwato mbili."

"Basi nipe mbili za nyuma," akajibu Faki, "ndizo zinazosukuma."

Baraza lote likacheka, na Sultani akacheka zaidi, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amechoka kusikiliza kesi za mipaka. Akanena, "Ewe Faki, fedha ninazo, na kuku ninao. Mimi nitakukodisha farasi mzima, na tandiko lake, na mkia wake, wala sitaki reale hata moja. Kodi yangu ni hii: unipe kitu nisichokuwa nacho, wala sijapata kuwa nacho tangu nizaliwe. Ukinilipa kabla ya jua kuchwa siku ya mashindano, tumemalizana. Usiponilipa, utakata majani ya farasi wangu mpaka ufe, na shimo la udongo nitalifunga."

Waziri Badi akaukunjua mkono wake, akaanza kuhesabu vitu vya Sultani: mashamba, lulu, saa za ukutani, kasuku anayejua kutukana kwa lugha tatu. Akachoka kabla ya kufika nusu.

Faki akasema, "Nimekubali, Maulana. Na kitu hicho nikikuletea, utakipokea?"

"Kikinifikia, nimekipokea. Mashahidi ni hawa."

Basi akapewa farasi jike mzee, jina lake Subira, aliyekuwa akibeba maji ya kasri, mbavu zake zikihesabika kwa mbali. Faki akamkokota hata nyumbani. Mize alipomwona farasi alifurahi, na aliposikia kodi akaketi chini.

"Mume wangu, utampa nini mtu mwenye kila kitu?"

"Sijui," akasema Faki, na moyo wake ulikuwa mzito kama kapu la udongo mbichi. Aliwaza kumpa Sultani njaa, akakumbuka kuwa Sultani hufunga Ramadhani. Aliwaza kumpa ukurutu, akaambiwa na jirani kwamba Sultani alikuwa nao utotoni.

Hata alasiri mpiga mbiu akapita mtaani na pembe yake, akinadi, "Kesho kutwa ni mashindano! Atapanda Sultani Harithi, mwana wa Sultani, bwana wa Kizimbwe, mshindi wa miaka kumi na saba, asiyepata kushindwa na mtu!"

Faki akamkimbilia akamshika kanzu. "Bwana wee, hebu rudia la mwisho."

"Asiyepata kushindwa na mtu."

"Kweli hajapata?"

"Hata mara moja."

Faki akarudi ndani akicheka peke yake, akamwambia mkewe, "Mize, tutafutie pumba za mtama na sukari guru. Kodi nimeiona."

Jioni ile, na kesho yake mara mbili, Faki alimchukua Subira hata Lango la Ngome, kisha akamrudisha polepole kwa njia ya mashindano mpaka kwenye nguzo nyeupe, na hapo Mize alikuwa ameketi na chungu cha pumba za moto zilizochanganywa na sukari guru. Subira, ambaye tangu azaliwe hakuonja kitu kitamu, alitia kichwa chunguni asikitoe. Mahali pengine popote hakupewa ila majani makavu. Watu wakakusanyika kuwacheka, na Sultani akachungulia dirishani akasema, "Tazameni, mpumbavu ananilishia farasi wangu bure!"

Siku ya mashindano ikafika. Asubuhi ile Subira hakupewa kitu. Sultani akaja juu ya Kimbunga, farasi mweupe aliyenona hata tandiko lilimbana, na nyuma yake wakajipanga wapanda farasi wa mitaa, kila mmoja amezivuta hatamu tayari kuchelewa. Faki alikuwa pembeni, amezishika nywele za shingo ya Subira kwa mikono miwili, maana hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko punda.

Ngoma ikalia. Kimbunga akaondoka kwa madaha kama bwana harusi. Sultani, kwa mazoea ya miaka kumi na saba, akawa anawapungia watu wa kulia, akawapungia wa kushoto, akasimama kidogo mbele ya nyumba ya Kadhi kuweka kilemba sawa. Wale wengine nao wakasimama, wakajifanya farasi wao wameingiwa na vijiwe kwatoni.

Subira hakusimama. Upepo ulimletea harufu ya sukari guru kutoka chungu cha Mize nguzoni, naye akatoka mbio, masikio yamelala, na Faki amemkumbatia shingo, macho ameyafumba, anapiga shahada. Akampita Sultani kwa kasi hata kilemba kikaanguka. Sultani aliposhtuka na kumchapa Kimbunga, Subira alikuwa amekwisha kufika nguzoni, na kichwa kimo chunguni.

Hakuna aliyejua kama ni halali kushangilia. Sultani akafika kichwa wazi, uso umemwiva kwa hasira, akanguruma, "Ewe mwana wa udongo! Umethubutu kunishinda?"

Faki akateleza kutoka mgongoni kwa Subira, akapiga magoti. "Kumradhi, Maulana. Sikuja kushinda, nimekuja kulipa kodi."

"Kodi gani?"

"Ulitaka kitu usichokuwa nacho, wala hujapata kuwa nacho tangu uzaliwe. Nimetafuta mji mzima, sikukiona ila kimoja, nacho ni kushindwa. Nimekuletea, na jua bado liko juu."

Waziri Badi akaruka mbele. "Uongo! Kushindwa si kitu!"

"Kama si kitu, Bwana Waziri," akasema Faki, "basi Maulana hakupatwa na kitu, nasi sote tumekasirikiwa bure."

Sultani akasema, "Sikitaki! Kichukue, urudi nacho kwako!"

"Hakirudishiki, Maulana. Ulisema kikikufikia umekipokea, na mashahidi ni hawa. Tena kwangu sina pa kukiweka. Vya namna hiyo nimezaliwa navyo, nyumba imejaa."

Sultani akawatazama watu wake mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. Akamgeukia mpanda farasi wa wahunzi, kijana mwenye mabega mapana, akamwuliza, "Wewe, niambie kweli, na kichwa chako ki salama. Ungetaka, ungeweza kunipita?"

Yule mhunzi akajibu, "Mwaka jana, Maulana, mkono ulinivimba siku nane kwa kumzuia farasi."

Faki akaona mabega ya Sultani yanatikisika, akadhani ni kilio, akaanza kujuta. Kumbe ni kicheko. Sultani Harithi alicheka hata akashuka farasi, akaketi chini penye vumbi, na watu nao wakaachia vicheko walivyovibana miaka kumi na saba.

Alipopata pumzi akanena, "Faki Kangaja, kodi yako nimeipokea, na ni chungu kama shubiri. Shimo la udongo halitafungwa kamwe. Subira ni wako, na majani yake yatatoka zizini kwangu. Na ninyi nyote, kuanzia leo farasi wa mashindano hatakodishwa kwa fedha. Mtapewa bure siku tatu, kwa sharti moja tu: mtu akimzuia farasi ili nishinde mimi, nitamtoza reale mia."

Basi mwaka uliofuata wakashindana kwa kweli, vumbi likafunika mji, na Sultani akawa wa sita. Watu wa kasri walisema kwamba siku ile alikula sana, akalala usingizi mzito. Mhunzi ndiye aliyeshinda. Faki hakupanda, alikuwa nguzoni pamoja na Mize na Bi Mgeni, wakiuza vyungu.

Hekaya imekwisha, na mate yamenikauka. Mwenye maji na anipe, mwenye kujua zaidi na aongeze.