Mzizi Usio na Uchungu

Yamepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ukweli wake, kwamba katika milima ya Yemen palikuwa na mwanamke mcha Mungu aitwaye Bibi Umaima binti Sarih. Baba yake alikuwa mchimba dawa. Kazi yake ilikuwa kukwea majabali kutafuta mmea mmoja adimu, ambao watu wa huko waliuita mzizi wa jabali, kwa kuwa hauoti popote ila katika nyufa za mawe. Majani yake hukauka kila kiangazi hata mtu adhani umekufa, kisha mvua zikirudi huchipua pale pale, kutoka mzizi ule ule, mwaka baada ya mwaka. Mzizi huo ndio uliokuwa dawa ya homa kali iliyolizuru bonde lao kila masika.

Mzee Sarih alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kumkabidhi mgonjwa dawa, alikata kipande cha mzizi ule ule, akakitafuna mbele yake. Mzizi wenye nguvu ni mchungu wa kuufisha ulimi ganzi. Akikunja uso, watu wa mgonjwa walishusha pumzi. Asipokunja, mzizi ulitupwa, naye akarudi mlimani hata kama jua linatua. Kuonja huko alikuita haki ya mgonjwa.

Alipofariki, kazi ikamwangukia Umaima, na moyo wake ulikuwa laini. Aliona watu wakiteleza magengeni na kuvunjika, akaona pia mizizi ikizidi kuadimika kwa kuchimbwa ovyo. Basi akateremsha miche michache, akaipanda kitaluni nyuma ya nyumba yake. Akaitilia samadi, akainywesha maji ya birika asubuhi na jioni, akaiombea dua. Na miche, kwa uwezo wa Mola, ikashika. Tena haikushika tu, ilinawiri! Mizizi ambayo mlimani haizidi unene wa kidole, kitaluni ikawa kama kifundo cha mkono.

Hebu fikirini furaha ya watu. Mmea wa majabali umekubali kuota uani kwa mtu! Wakasema hiyo ni karama, na mlimani hakwenda tena yeyote. Bibi Umaima hakuzipenda sifa, wala hakutoza kitu. Kwa kumshukuru Mola wake alijiwekea utaratibu: atatoa dawa Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo atakuwa amefunga, ili mkono unaotoa uwe mkono wa mtu aliye katika ibada. Nia njema kabisa, nani wa kuilaumu? Ila mwenye saumu hatafuni mzizi. Kuonja kukaachwa, na kwa kuwa mizizi ilitoka kitaluni mwake, hakuna aliyeuliza. Hata mwenyewe hakujiuliza.

Miaka ikapita. Wagonjwa walikuja, na wengi wao walipona, maana homa nyingine huondoka zenyewe zikishachoka. Wengine walikufa, na watu wakasema siku zao zilikuwa zimefika.

Masika moja, siku ya Alhamisi, uani pamejaa watu, akaingia mtu wa bonde la mbali jina lake Shuraim, mfuga punda, mtu wa hamaki. Alikuwa amembeba mkewe mgongoni, homa imemshika hata hajui alipo. Bibi Umaima akamkaribisha kwa upole, akamchagulia mzizi mnene.

"Chukua, mwanangu. Uponde, umchemshie, umnyweshe. Mponyaji ni Mola."

Shuraim hakunyoosha mkono. "Onja kwanza, Bibi."

Watu wakaguna. Bibi akatabasamu. "Nimefunga, mwanangu."

"Marehemu baba yako alipompa mama yangu dawa, alionja. Nilikuwapo."

"Nimekwambia nimefunga."

"Saumu yako ni ya sunna, Bibi," akasema Shuraim. "Huyu niliyembeba, haki yake ni faradhi."

Lo! Uani pakachafuka. Mmoja akamwita mkosa adabu, mwingine akamkamata kanzu amtoe nje. Lakini Bibi Umaima alikuwa akimtazama mgonjwa. Neno lile lilimwingia. Alijua vyema kwamba saumu ya sunna hufunguliwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na akatafuta jibu katika elimu yake yote asilipate. Akainua mkono watu watulie. Akasema bismillahi, akauma.

Ulikuwa mtamu. Wala si utamu wa maana, utamu wa kijinga tu, kama kiazi kibichi. Akatafuna kwa upande wa pili, akingoja ulimi ufe ganzi, na ulimi haukufa. Akakata mzizi mwingine, akauonja. Mambo yale yale.

Hapa, ndugu zangu, msipite haraka. Watu wote wanautazama uso wake. Kukunja uso ni jambo jepesi, hata mtoto mdogo analiweza. Angekunja, Shuraim angeondoka ameridhika, heshima ya miaka ingebaki mahali pake, na huenda mgonjwa angepona mwenyewe. Nafsi yake ilimwambia hivyo, tena ilimwambia kwa sauti ya huruma: watu hawa ukiwavunja moyo leo, watakimbilia wapi? Bibi Umaima alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hauna uchungu," akasema. "Hii si dawa. Samadi yangu na maji yangu vimeiua nguvu yake, nami sikujua kwa sababu sikuonja."

 Kisha upande wa wanawake akasimama Bi Zunaira, aliyekuja kumsindikiza jirani yake. Mumewe, Khallad, alikuwa amefariki kwa homa ile ile masika yaliyotangulia.

"Na Khallad?" akauliza. "Ule uliompa Khallad?"

"Ulitoka hapa hapa, dada yangu."

Bi Zunaira akavuta shela yake usoni, akatoka.

Bibi Umaima hakukaa chini kulia. Alikunywa maji, maana saumu alikwisha kuifungua, akajifunga kibwebwe, akawaachia wanawake mgonjwa, akamwambia Shuraim, "Twende." Njia ya mlimani ilikuwa imezibwa na miiba, na magoti yake hayakuwa tena ya kukwea majabali, mahali pengine Shuraim alimvuta kama mzigo. Lakini walipofika juu walikuta jambo ambalo hawakulitazamia: nyufa zimejaa majani tele. Miaka yote ile watu walipokuwa wakikitegemea kitalu, mlima ulikuwa umepumzika. Akachimba mmea mmoja, akakata nusu ya mzizi, na nusu yenye kichipukizi akairudisha katika ufa wake. Akatafuna. Machozi yakamtoka kwa uchungu, naye akacheka. "Alhamdulillahi, huu ndio!"

Mke wa Shuraim akapona kwa idhini ya Mola. Bibi Umaima akaking'oa kitalu chote kwa mkono wake, na siku zake za kutoa dawa akazihamisha zisigongane na siku za kufunga. Waliokuwa wakimbusu mkono walipungua, na hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni mlango wa Bi Zunaira. Alikwenda kuomba radhi, mlango haukufunguliwa. Akaenda tena na tena, akawa anakaa kizingitini, kisha anaondoka.

Siku moja Bi Zunaira akasema kutoka ndani, "Kwa nini ulisema? Mimi nilikuwa nimeshatulia. Nilijua ni kadari ya Mungu."

"Ni kadari ya Mungu," akajibu Bibi Umaima. "Na mkono ulikuwa wangu."

 Kisha komeo likavutwa. Bi Zunaira alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini ingia. Tangu Khallad afe kila mtu ananiambia nisubiri, nisubiri. Hakuna hata mmoja aliyekaa na mimi tukamlilia."

Bibi Umaima akaingia, wakalia pamoja mpaka adhana ya Magharibi. Wapo wapokezi waliosema alikuja kumsamehe baadaye, na wapo waliosema hapana. Hawakuafikiana.

Najua wako wanaokitumia kisa hiki kuhubiri kwamba shida hukomaza na raha huharibu. Sawa, kila mwalimu na darasa lake. Mimi kinachonikaa moyoni ni kwamba mja mwema anaweza kuipenda ibada yake hata asimwone mgonjwa aliye mbele yake. Makosa yaliyo baina yetu na Mola, Yeye ni Karimu, tukitubu husamehe. Yaliyo baina yetu na waja wake ametuachia tuyaendee kwa miguu yetu, na huko mlango unaweza kufunguliwa, na msamaha usitolewe, na bado ikatupasa kuingia.