Kilichookotwa Shambani kwa Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mbona upande huu mmejibu kama mnaumwa meno? Tena. Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na shamba la maboga kando ya mto, na mwenye shamba ni Kiboko, na tumbo lake mnalijua.

Kiboko alikuwa na wafanyakazi wengi, na neno lake lilikuwa moja. Mfanyakazi akiokota boga, Kiboko anasema, "Limeokotwa shambani kwangu, langu." Akiokota yai, "Limeokotwa shambani kwangu, langu." Hata kuni, jamani. "Zimeokotwa shambani kwangu, zangu."

Lakini tusimwonee, wema mmoja alikuwa nao. Mfanyakazi akijifungua alipewa likizo, na uji wa mtama mpaka mtoto apate nguvu.

Sasa, palikuwa na Bi Nguchiro, mpalizi, mdogo wa umbo, mwepesi wa mdomo. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Asubuhi moja akasikia majanini, piii, piii. Kifaranga wa kanga, yuko peke yake, mama yake amebebwa na mwewe. Bi Nguchiro akamkumbatia, akampa jina papo hapo: Tunu. Akampenda, basi tu.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Nimepata mtoto, naomba likizo na uji."

"Marahaba. Tumbo lako nililiona jana, halikuwa na kitu."

"Sikumzaa. Namlea."

"Wa kuzaa ndiye mtoto. Huyo mweke kando ya shamba, ushike jembe."

Kando ya shamba, na mwewe bado anazunguka juu! Bi Nguchiro alijua kwamba akimwacha, jioni atakuta manyoya tu. Hasira zikampanda, akazimeza. Akamtia Tunu kikapuni, akamfunika kwa jani la boga, akarudi wakati wafanyakazi wote wamekusanyika kula.

"Mzee, nimeokota kitu shambani kwako."

Kiboko hata hakuuliza ni nini. "Kimeokotwa shambani kwangu, changu."

"Hujakitazama, mzee. Huenda usikitake."

"Nimesema changu. Wote mmesikia?"

"Tumesikia," wafanyakazi wakasema.

Jani likafunuliwa. Piii! Tunu akaruka, akatua puani kwa Kiboko, akaona pana joto, akatulia.

"Mtoe huyu," Kiboko akasema.

"Nitamtoaje, mzee, naye ni wako? Ukimkataa huyu, basi na boga la jana ni langu, na mayai, na kuni."

Wafanyakazi wakaanza kutazama maboga. Kiboko akawaona. Akabaki pua juu.

Jua likapanda. Kiboko akataka kuzama mtoni, chubwi! Piii! Akainuka haraka, maana mtoto angekufa maji na wote wanatazama. Akajaribu tena, chubwi! Piii! Akainuka. Akitaka kula, piii. Akisinzia, piii. Mgongo ukaungua mpaka ukababuka.

"Bi Nguchiro, mwanangu, nisaidie kumlea."

"Ningependa, mzee. Ila nina jembe, likizo sina."

"Chukua likizo."

"Na uji?"

"Na uji."

"Na mwingine akipata mtoto wa kulea?"

"Naye pia. Yeyote. Mchukue, mama, naungua."

Bi Nguchiro akaenda nyumbani na Tunu wake, uji ukamfuata kwenye sufuria. Wenzake wakaanza kumwita Mama Tunu, naye kila akiitwa hivyo alicheka kwa furaha. Haukupita muda, Kobe naye akachukua yatima wa pelele, akapewa likizo yake na uji wake, na maboga yaliendelea kuzaa vilevile.

Na Kiboko? Mpaka leo huzamisha mwili mzima, akaacha pua nje ya maji. Ukimuuliza, atasema anavuta hewa. Mama Tunu anajua anamngoja nani, na jioni humpeleka mtoto akakae hapo kidogo.

Fundisho lake ni hili: ukiwa na shida kazini, kaa kimya uingoje huruma ya bosi, itakuja yenyewe. Nani anacheka huko nyuma?

Hadithi yangu imekwisha, kikapu ni kitupu. Mlichookota humu ndani ni chenu.