Kinoo cha Mwana Zena

Sogeeni, wanangu, na mniapie kwanza kwamba hili halivuki kizingiti. Kizazi cha Bwana Sudi kipo, tunaswali nacho msikiti mmoja! Haya.

Wanasimulia waliotutangulia kwamba alikuwapo mja mwema, Mwana Zena, kazi yake kunyoa watoto wachanga siku ya akika. Alikuwa na vinoo viwili. Kimoja cha chengachenga, cha visu vya jikoni. Cha pili laini kama sabuni, cha wembe tu, urithi wa mama yake.

Sasa jirani yake Sudi, mtu wa kuazima mpaka majivu, akaja kukiazima kile laini. Akanolea shoka! Shoka, jamani! Akakirudisha kimeviringishwa kitambaa, kimya.

Ikafika akika ya mwana wa Liwali, mtoto wa kwanza kuishi baada ya wenzake kuzikwa. Mwana Zena akanoa wembe pale uani, mbele ya wageni. Kinoo hakukitazama, mkono ulishazoea. Akajaribu wembe kwenye kigasha cha mkono wake. Ukakwaruza, likatoka tone la damu. Akalifunika kwa shuka. Hakuna aliyeona.

Liwali alikwisha kuapa: "Atakayemtoa mwanangu damu, mji huu si wake tena." Na mtoto yule kalala mapajani mwa mama yake, utosi unapwita. Akinyamaza, huenda mkono ukamsitiri. Huenda.

"We Zena, unangoja nywele zidondoke zenyewe?" akadakia shangazi wa Liwali. Watu kwa kicheko!

Mwana Zena akafunua kigasha. "Bwana wangu, wembe umeota meno. Kinoo kimechimbika. Simnyoi."

Liwali akasimama. "Umekuja kuniaibisha?"

"Aibu yako itapoa, bwana. Kichwa hiki je? Nipe maji, na unisubirie."

Akatoa na kile kinoo cha chengachenga, akasugua kinoo juu ya kinoo, maji yakichuruzika, kila msuguo na tasbihi yake, mpaka shimo likafutika. Liwali kamsimamia, mkono kwenye jambia. Pilau likapoa. Shangazi mtu anaguna tu. Mwana Zena akaulaza wembe, akanoa upya, akajaribu kigasha cha pili. Vinyweleo vikaanguka, ngozi isijue.

Liwali akavua kilemba, akapiga magoti. "Anza na mimi."

Akamnyoa baba, kisha mwana. Na mtoto hata hakuamka!

"Lile tone hakuna aliyeliona," Liwali akasema. "Mbona ulilifunua?"

"Mola aliliona, bwana. Mimi nilikuwa wa pili."

"Na kinoo, nani alikiharibu?"

"Nilinoa bila kukitazama. Kosa langu ndilo hilo."

Mwana Zena hakumtaja Sudi mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Wanangu, makali yajaribu mkononi mwako kabla ya kichwa cha mwenzio. Na aibu ya jirani, isitiri.

Mnauliza mimi nilijuaje? Kaniambia Bi Pili binti Shomari, kitukuu cha Sudi mwenyewe!