Marufuku ya Kelele Nyumbani kwa Mwalimu Kobelo

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mtu mwingine, kwa hiyo msiniulize ilitokea mwaka gani. Isomeni tu, kisha mpelekeeni yeyote mwenye mtoto mchanga nyumbani, au anayeishi na mama mkwe.

Palikuwa na mwalimu mkuu mmoja, Mwalimu Kobelo, aliyesifika wilaya nzima kwa jambo moja: kimya. Akiingia darasani, wanafunzi themanini walitulia kama maji mtungini. Aliamini kwamba kila jambo jema duniani, kuanzia hesabu hadi afya, hustawi penye kimya, na kwa miaka ishirini hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mwalimu huyu alikaa na mkewe Leokadia miaka kumi na mmoja bila mtoto. Mtoto alipokuja, alikuja mbio. Alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na robo, mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa na bibi yake ilimfika kiunoni. Wakamwita Gaspari. Akawekwa wodi ya watoto njiti siku hamsini na mbili, na siku zote hizo Mwalimu alisimama nyuma ya kioo akiitazama mashine iliyokuwa ikilia pii, pii, kumhakikishia kwamba mwanawe yungali hai.

Siku ya kuruhusiwa, nesi mkuu wa wodi, Sista Domitila, aliwaambia, "Mbebeni kifuani, anyonye kila baada ya saa mbili, kisha mrudi baada ya wiki tatu. Asipoongezeka uzito, namrudisha hapa hapa."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Mwalimu hadi kwenye mifupa. Mtoto arudi tena nyuma ya kioo? Aliapa moyoni kwamba jambo hilo halitatokea.

Basi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Desemba, akauhamishia ukuu wake nyumbani. Mlangoni akabandika karatasi: KIMYA, MTOTO AMELALA. Bawaba akazipaka mafuta ya kupikia. Ndala zikapigwa marufuku, redio ikafungiwa kabatini. Mgeni aliyekuja kutoa pongezi alipungiwa mkono kutoka barazani, naye akapunga, akaacha sabuni zake kwenye ngazi, akaenda zake.

Aliyeonja joto ya jiwe ni mama mkwe, Bibi Apolonia, aliyekuja na jogoo wake ili amsaidie binti yake kulea. Bibi huyu alikuwa na sauti ambayo akiomba chumvi jikoni, majirani watatu waliitika. Mwalimu alimkabidhi kibao na chaki kwa heshima zote.

"Mama, ukihitaji kitu, naomba uandike."

Bibi Apolonia akakitazama kibao, akamtazama mkwewe, akaandika: NA JOGOO JE.

Jogoo alichinjwa Jumapili ile ile, akaliwa kimya kimya.

Ikabaki kelele moja tu. Nyuma ya uzio palikuwa na karakana ya Mkude, fundi bati, kijana ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha, na kumtoa nje ya darasa mara nyingi kwa kosa la kugonga dawati. Desemba ndio mwezi wake, maana kila mzazi mwenye mtoto anayekwenda kidato cha kwanza anataka sanduku la bati. Mwalimu akamfuata.

"Mkude, nyundo yako itanirudishia mtoto hospitali."

"Mwalimu, nina masanduku ishirini na mawili."

"Mimi nina mtoto mmoja."

Mkude akaweka nyundo chini. Na wewe ungejibu nini hapo?

Sasa nyumba ikawa kimya kama Mwalimu alivyotaka, na ndani ya kimya hicho Gaspari alilia. Alilia asubuhi, akalia mchana, akanyonya mafunda mawili na kuliachia ziwa ili aendelee kulia. Leokadia alikonda akabaki macho. Siku ya nane wakampeleka mtoto zahanati ya jirani kumpima. Alikuwa amepungua gramu thelathini.

Mwalimu alifikiri sana, kisha akatoa uamuzi: bado ipo kelele mahali. Akaisimamisha saa ya ukutani.

"Baba Gaspari," mkewe alisema kwa kunong'ona, maana ndiyo sheria, "labda kuna kitu anakikosa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ungeniruhusu kusema kwa sauti, pengine ningekumbuka."

Lakini Mwalimu alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Kule wodini, mashine ilimjulisha kila wakati kwamba mwanawe anapumua. Nyumbani hakuna mashine. Lilibaki sikio lake tu, na pumzi ya Gaspari ilikuwa ndogo, haisikiki ila penye kimya kabisa. Mtoto akipitiwa na usingizi kidogo, mwanamume yule mkali aliinama juu ya kitanda, roho juu, akisikiliza. Alikuwa anaogopa, basi. Hakuwa na ugonjwa mwingine.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Leokadia alikuwa anaoga. Mwalimu amembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wote wawili wamefungwa kanga yenye maua mekundu, na mtoto analia kama kawaida yake. Ndipo nyuma ya uzio ukasikika mlio: ko. Kisha ko, ko, ko, ko.

Mkude alikuwa ameshindwa. Wazazi watano walikuwa wamemkalia kwenye karakana tangu alfajiri, kila mmoja akidai sanduku lake.

Mwalimu Kobelo akasahau kanga, akasahau na sheria zake zote, akatoka mbio hadi kwenye uzio.

"Mkude," alifoka, "tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Mkude akashtuka, nyundo ikabaki hewani. Pakawa kimya. Hapo Gaspari, aliyekuwa amesinzia tangu nyundo ilipoanza, akaangua kilio.

"Umeona? Umemwamsha."

"Mwalimu, alikuwa amelala. Ameamka nilipoacha."

"Usinifundishe kazi."

 Mkude aliishusha nyundo mara moja, ko, na mtoto akanyamaza. Akaiacha ikae hewani, mtoto akalia. Akaanza kugonga mfululizo, tena kwa mdundo ule ule wa dawati, ambao Mwalimu aliukumbuka vizuri sana. Gaspari akapiga mwayo, akafumba macho, akalala mdomo wazi.

Ndipo hofu ya kila siku ikamrudia Mwalimu: je, anapumua? Akainamisha sikio. Hakusikia kitu ila bati. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuweka kiganja kwenye mgongo wa mtoto, na kiganja kikainuka, kikashuka, kikainuka tena. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, mwalimu mkuu ndani ya kanga ya maua, machozi yakimtiririka mbele ya wazazi wa wanafunzi wake.

Mkude, kwa adabu, akaacha kugonga.

"Nani amekwambia uache?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, si wewe uliyekuwa ukinitoa nje kwa..."

"Najua. Endelea."

Leokadia alipotoka bafuni akaleta kigoda karibu na uzio, na siku ile Gaspari alinyonya ziwa moja lote, akahamia la pili.

Mtadhani Mwalimu alikuwa ameelewa. Wapi. Yeye aliamini kwamba dawa ni bati. Akampangia Mkude ratiba ya kugonga kila baada ya saa mbili, kama vidonge, na sheria nyingine zote zikabaki pale pale. Bibi Apolonia aliendelea na kibao chake.

Wiki tatu zilipotimia wakarudi hospitali. Mtoto alikuwa ameongezeka gramu mia mbili na arobaini. Mwalimu akamweleza Sista Domitila habari za tiba ya bati, na Sista akacheka mpaka akashikilia meza.

"Mwalimu, hebu sikiliza," alisema, akafungua mlango wa wodi.

Mwalimu akasikiliza. Mashine zilikuwa zikilia pii, pii. Toroli la chakula lilipita na gurudumu lake bovu. Manesi walikuwa wakiitana toka huku hadi kule, watoto kumi wanalia kwa pamoja, na mama mmoja anasimulia ugomvi wa wifi zake. Siku hamsini na mbili alisimama pale, na hakuna alichowahi kukisikia ila mashine moja.

"Huyu amekulia sokoni," Sista akasema. "Kwake yeye kelele maana yake ni watu wapo. Mlipomnyamazia, alijua mmeondoka wote, mmemwacha peke yake."

 Walipofika nyumbani, Mwalimu aliibandua karatasi mlangoni. Aliitia saa ufunguo. Kisha akaenda jikoni, akasimama mbele ya mama mkwe wake, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, naomba unisamehe. Njoo ukae na mjukuu wako, umzungumzishe."

Bibi Apolonia akakifuta kibao kwa upindo wa kanga, akakitumbukiza mafigani. Akaenda kukaa karibu na mtoto, akakohoa kidogo kusafisha koo. Maneno ya wiki tatu yalikuwa yamejaa hadi hapa shingoni.

"Nianzie wapi, mkwe wangu?"

"Popote, Mama."

"Haya. Basi tuanze na yule jogoo wangu."

Majirani watatu wakaitika. Gaspari akalala fofofo.

Funzo: Kabla hujampangia unayempenda namna ya kuishi, uliza kwanza ni kitu gani kilichomtunza mpaka akafika mikononi mwako.