Kaushio la Shamimu

Milima ya Uluguru ilijifunika ukungu tangu alfajiri, na kichwa cha Shamimu nacho kilikuwa na ukungu wake. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya ufundi katika chuo kimoja mjini Morogoro. Chuo kilikuwa kimeamua kuyaboresha masomo hayo: mwanafunzi asihitimu kwa kujaza karatasi tu, bali aunde kitu kinachofanya kazi, tena asimamiwe na wahadhiri watatu badala ya mmoja. Wazo zuri, nani angelipinga? Shamimu, mtoto wa wakulima wa Kinole, akachagua kuunda kaushio, mtambo wa kukaushia iliki.

"Tumia jua, binti. Ezeka nailoni juu," alishauri Mwalimu Eufrazia.

"Jua gani la milimani? Weka jiko la mkaa chini," alisema Mwalimu Severini juma lililofuata.

"Bila feni hewa haitembei," Dokta Athanas naye akaamua.

Kila mmoja alijibiwa, "Sawa, mwalimu." Shamimu alilelewa kutobishana na mkubwa, na kumwambia mwalimu huyu kwamba mwenzake amesema vingine aliona ni kuwachonganisha. Wahadhiri wenyewe hawakuwahi kuketi pamoja hata mara moja. Basi binti wa watu akaezeka nailoni, akachomelea jiko, akafunga feni. Alipolitazama kaushio lake, hakujua kama ni kaushio au tanuri. Alichanganyikiwa hadi akacheka peke yake.

Siku ya mtihani, wahadhiri wote watatu walifika karakanani. Shamimu akawaamkia, akatandaza iliki mbichi kutoka shambani kwao, akawasha jiko, kisha feni. Feni ikaupuliza mkaa. Moto ukaruka, nailoni ikanywea na kuidondokea iliki, matone meusi.

"Nani alikwambia uweke nailoni juu ya moto?" Severini alifoka.

"Nailoni ni yangu," Eufrazia alijibu. "Moto je, ni wa nani?"

Athanas aliinama, akaizima feni.

"Nyote mliniambia, walimu wangu," Shamimu alisema, machozi yakimlengalenga. "Nami nyote niliwaitikia."

Akaandikiwa kurudia mwaka. Wenzake walipovaa majoho, yeye alikuwa akikwangua nailoni iliyogandia chuma, moyo ukimuuma, asielewe amekosea wapi ilhali alitii kila neno. Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.